Nakala ya Mwisho: Historia ya Kuondoa Vitabu katika Maktaba za Vyuo Vikuu

Maktaba ya chuo kikuu hubeba majukumu mawili ambayo mara nyingi huvutana: inapaswa kuhifadhi kumbukumbu za elimu ya vizazi vilivyopita, na wakati huohuo inapaswa kumpa mwanafunzi wa leo maarifa sahihi katika rafu anazoweza kuzipitia bila kupotea. Kwa kuwa vitabu vipya huingia kila mwaka ilhali kuta hazitanuki, kila maktaba iliyodumu kwa muda mrefu imelazimika kuondoa baadhi ya vitabu vyake. Kazi hiyo, ambayo hapa itaitwa upunguzaji, hufanywa na wakutubi kwa kupitia rafu moja baada ya nyingine, kulinganisha kila kitabu na katalogi pamoja na kumbukumbu za uazimaji, kisha kuamua kama kibaki, kihamishiwe ghalani, kitolewe zawadi, kiuzwe au kipelekwe kiwandani kusagwa. Historia ya kazi hiyo, tangu Oxford ya karne ya 16 hadi Dar es Salaam ya leo, inaonyesha kwamba hasara kubwa zilitokea pale vitabu vilipoondolewa bila kanuni, na bila mtu kuuliza swali moja la msingi: kitabu hiki kikishatoka hapa, nani mwingine atabaki na nakala yake?

Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza kinatoa mifano miwili ya kale inayolifafanua swali hilo. Katika karne ya 15 mwanamfalme Humfrey, mdogo wake Mfalme Henry V, alikitunuku chuo hicho zaidi ya miswada 280 iliyoandikwa kwa mkono, na chumba cha kuihifadhi kilifunguliwa mwaka 1488. Mwaka 1550, wakati wa mageuzi ya dini yaliyolitenga Kanisa la Uingereza na Roma, vitabu vilivyodhaniwa kubeba mafundisho ya Kikatoliki viliondolewa kwa amri, vingine vikauzwa na vingine vikachomwa, hata ikafika mwaka 1556 ambapo chuo kiliuza samani za chumba hicho kwa kuwa hapakuwa tena na vitabu vya kuwekwa humo. Mwanadiplomasia mstaafu Thomas Bodley ndiye aliyeifufua maktaba hiyo na kuifungua upya mwaka 1602 kwa jina la Bodleian, lakini ni miswada michache tu ya Humfrey iliyowahi kurudi. Kigezo kilichotumika mwaka 1550 kilikuwa hofu ya watawala, wala hakikuhusiana na elimu, na kwa kuwa miswada mingi ya aina hiyo haikuwa na nakala nyingi kwingineko, kilichoondolewa kilipotea moja kwa moja.

Mfano wa pili una fundisho zito zaidi, kwa sababu safari hii walioamua walikuwa wasomi waliokuwa na nia njema. Mwaka 1610 Bodley alifanya makubaliano na chama cha wachapishaji na wauza vitabu cha London ili maktaba yake ipewe nakala ya kila kitabu kinachosajiliwa na chama hicho, na makubaliano hayo yakawa chimbuko la kile kinachoitwa amana ya vitabu, yaani utaratibu unaomtaka mchapishaji atoe nakala bila malipo kwa maktaba iliyotajwa. Kwa njia hiyo maktaba ilipata mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare, uliochapishwa mwaka 1623. Toleo la tatu la mkusanyo huo lilipotoka miaka ya 1663 na 1664, likiwa na tamthilia zilizoongezwa, wakutubi waliona kwamba toleo la zamani halina kazi tena, nalo likatoka kama kitabu cha ziada. Nakala hiyohiyo ilitambuliwa mwaka 1905, pale mwanafunzi mmoja alipoipeleka maktabani kutafuta ushauri kuhusu jalada lake, na mwaka uliofuata Bodleian ililazimika kuchangisha pauni 3,000, fedha nyingi sana kwa wakati huo, ili kuinunua tena.

Kanuni waliyoifuata wakutubi wale, kwamba toleo jipya hufuta la zamani, si kanuni mbaya, na hadi leo ndiyo inayoongoza upunguzaji wa vitabu vya sheria, tiba na uhandisi. Kosa lilikuwa kuitumia kanuni moja kwa kila taaluma. Mwanafunzi wa udaktari anayesoma kipimo cha dawa katika toleo lililofutwa anaweza kumdhuru mgonjwa, lakini mtafiti wa fasihi anayetaka kujua mwandishi aliandika nini hasa hulihitaji toleo la kwanza kuliko matoleo yote yaliyofuata.

Katika karne ya 19 tatizo lilibadilika sura. Mashine za kuchapa zinazoendeshwa kwa mvuke, karatasi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa mbao, na vyuo vikuu vilivyoanza kuuona utafiti kuwa kazi yao ya msingi, viliongeza vitabu na majarida kwa kasi ambayo majengo hayakuweza kuihimili. Huko Marekani, mwaka 1893, mjadala mkali ulizuka kuhusu maktaba ya umma ya mji wa Quincy, jimbo la Massachusetts, baada ya Charles Francis Adams kutetea wazo kwamba maktaba ya mji mdogo iwe na ukomo wa vitabu na kwamba visivyosomwa viondolewe ili kuvipisha vipya, wazo ambalo wakutubi wengi wa zama hizo, miongoni mwao William Frederick Poole wa Chicago, walilipinga vikali.

Miaka tisa baadaye hoja hiyo iliingia rasmi katika vyuo vikuu. Charles William Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard tangu mwaka 1869, aliuhutubia mkutano wa chama cha wakutubi wa Marekani mwaka 1902, wakati maktaba ya chuo chake, iliyokuwa katika jengo la Gore Hall, ilikuwa imefurika. Alipendekeza kwamba vitabu vigawanywe katika mafungu mawili, yaani vinavyotumika na visivyotumika, na kwamba fungu la pili lipelekwe katika maghala ya gharama ndogo yatakayotumiwa na maktaba nyingi kwa pamoja. Eliot hakupendekeza vitabu viharibiwe, bali alisema kwamba si haki kukitumia chumba cha gharama kubwa katikati ya chuo kwa kitabu ambacho hakuna anayekigusa, huku wasomaji wakikosa mahali pa kukaa.

Mkutubi wa chuo hichohicho, William Coolidge Lane, hakukubaliana na rais wake, na hoja yake ingali na nguvu hadi leo. Thamani ya kitabu katika utafiti haipimwi kwa wingi wa wasomaji, kwa kuwa kitabu kinachosomwa mara moja katika miaka 30 kinaweza kuwa ndicho kinachobeba ushahidi ambao kazi nzima inategemea, na mtafiti anayepita kati ya rafu mara nyingi hukutana na kitabu ambacho hakujua kipo, hivyo asingeweza kukiagiza kutoka ghalani. Harvard iliamua kujenga, na maktaba yake kubwa ya Widener ikafunguliwa mwaka 1915. Hata hivyo mwaka 1942 ghala la pamoja la maktaba za eneo la Boston lilifunguliwa kwa ushiriki wa chuo hicho, na wazo la Eliot likatekelezwa miaka 40 baada ya kutamkwa.

Baada ya hapo mjadala uliingia katika zama za hesabu. Mwaka 1944 Fremont Rider, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan katika jimbo la Connecticut, alichapisha kitabu alimodai kwamba maktaba za utafiti za Marekani zilikuwa zikiongezeka maradufu kila baada ya miaka 16, na kwamba kwa mwendo huo maktaba ya Yale ingekuwa na takriban juzuu milioni 200 ifikapo mwaka 2040, juzuu ambazo zingehitaji rafu zenye urefu wa maili zaidi ya 6,000. Utabiri wake haukutimia kama alivyouandika, lakini uliwatia hofu watawala wa vyuo na kuwafanya waone kwamba kujenga peke yake si suluhisho. Mwaka 1949 vyuo vikuu kumi viliunda kituo cha pamoja mjini Chicago, ambacho baadaye kiliitwa Kituo cha Maktaba za Utafiti, ili vitu vinavyohitajika kwa nadra vitunzwe mahali pamoja na kuazimwa na wanachama wote. Tangu mwaka 1963 kituo hicho kimekuwa makao ya mpango wa pamoja wa kuhifadhi nyaraka na magazeti ya Afrika katika filamu ndogo, na kwa sababu hiyo mtafiti wa Afrika wakati mwingine hulazimika kutafuta Chicago kumbukumbu iliyochapishwa barani kwake mwenyewe.

Swali lililofuata lilikuwa namna ya kujua ni kitabu kipi kitasomwa kesho. Mwaka 1961 Herman Fussler na Julian Simon wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa utafiti uliopima vigezo mbalimbali, kama vile umri wa kitabu na lugha yake, wakabaini kwamba kiashiria bora zaidi cha matumizi yajayo ni matumizi yaliyopita. Stanley Slote, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu upunguzaji, aliugeuza msingi huo kuwa utaratibu wa kazi, kwa kupima muda ambao kitabu hukaa rafuni kati ya uazimaji mmoja na mwingine. Taaluma nyingine zilichangia dhana ya nusu uhai, yaani muda ambamo nusu ya maandishi yote yanayorejelewa kwa sasa katika fani fulani yalichapishwa, dhana ambayo R. E. Burton na R. W. Kebler waliifafanua mwaka 1960 na ambayo ilionyesha kwamba maandishi ya fani moja hayazeeki kwa kasi sawa na ya nyingine.

Takwimu zilizozua ubishi mkubwa kuliko zote zilitoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambako Allen Kent na wenzake waligundua kwamba takriban asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja kufikia mwisho wa mwaka 1975. Wahadhiri walilalamika kwamba rekodi za uazimaji hazihesabu kitabu kinachosomewa ndani ya maktaba na kurudishwa rafuni, na kwamba miaka sita ni kipindi kifupi mno kwa fani za historia na falsafa. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, lakini hayakuzuia utafiti huo kubadilisha namna maktaba zinavyonunua na kupunguza vitabu. Nchini Uingereza, mwaka 1976, kamati iliyoongozwa na Profesa Richard Atkinson ilishauri kwamba maktaba za vyuo vikuu zikishafikia ukubwa fulani ziwe zinaondoa vitabu kwa kiwango kinachokaribiana na vile vinavyoingia. Wanazuoni wengi waliupinga ushauri huo, ingawa ulikuwa na nguzo ambayo nchi nyingi hazikuwa nayo: huko Boston Spa, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na idara ya taifa ya kuazimisha vitabu iliyoweza kumpatia msomaji wa chuo chochote nakala ya kilichoondolewa.

Afrika Mashariki iliipokea taaluma ya upunguzaji ikiwa katika hali tofauti kabisa. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia eneo la Mlimani mwaka 1964, na maktaba yake ililazimika kukusanya kutoka mwanzo vitabu ambavyo Oxford ilikuwa imevikusanya kwa karne kadhaa. Kama ilivyokuwa Makerere nchini Uganda, maktaba hiyo ilipewa pia dhamana ya kupokea machapisho ya nchi kwa sheria ya amana, hivyo ikawa maktaba ya mafunzo na hifadhi ya taifa kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni ulipopunguza ununuzi wa vitabu na kukatiza usajili wa majarida, hakuna mkutubi aliyeweza kulizungumzia jambo la kuondoa vitabu kwa wepesi, kwa maana kitabu kilichochakaa kilikuwa mara nyingi ndicho pekee kilichokuwapo.

Katika pengo hilo ziliingia zawadi. Shirika lililoanzishwa Bahama mwaka 1954 na Hermione, mke wa gavana wa visiwa hivyo, Ranfurly, na ambalo tangu mwaka 1994 linajulikana kama Book Aid International, lilikuwa miongoni mwa asasi zilizokusanya vitabu Uingereza na kuvipeleka nchi za Afrika. Vitabu vingi vilivyokuja kwa njia za msaada, kutoka asasi na taasisi mbalimbali, viliwasaidia wanafunzi ambao bila hivyo wasingekuwa na chochote cha kusoma. Lakini vingine vilikuwa ndivyo vilivyopunguzwa katika maktaba za Ulaya na Marekani kwa sababu vimepitwa na wakati, na maktaba iliyovipokea ilibebeshwa gharama ya kuviorodhesha, kuvipangia nafasi na hatimaye kuviondoa kwa mara ya pili. Ugumu uliongezeka kwa kuwa kitabu kilichoingizwa katika maktaba ya chuo cha serikali ni mali ya umma, na kukiondoa kunahitaji idhini na kumbukumbu kama ilivyo kwa mali nyingine yoyote, kwa hiyo wakutubi wengi waliona ni salama zaidi kukiacha kifunikwe na vumbi kuliko kujibu maswali ya wakaguzi.

Hata hivyo historia ya Dar es Salaam yenyewe inatoa ushahidi mzito kwamba kitabu kilichopitwa na wakati si lazima kiwe kimekufa. Ripoti za idara za serikali ya kikoloni ya Tanganyika kuhusu kilimo, kodi na nguvukazi hazikuwa na faida tena kwa bwana shamba au mtunga sera baada ya uhuru, lakini kwa wanahistoria waliofundisha Mlimani, akina Terence Ranger, Isaria Kimambo, Arnold Temu na Walter Rodney, kumbukumbu za aina hiyo zilikuwa malighafi ya kuandika upya historia ya Waafrika, zikisomwa pamoja na masimulizi ya wazee. Magazeti ya Kiswahili yana hadhi hiyohiyo. *Mambo Leo*, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923, na *Kwetu*, lililoanzishwa na Erica Fiah mwaka 1937, hayana habari mpya kwa msomaji wa leo, lakini ndimo yanamopatikana mashairi, barua na mabishano ya watu ambao sauti zao hazikuandikwa kwingine. Kitabu cha kiada cha fizikia kilichochapishwa New York kikiondolewa Dar es Salaam, maelfu ya nakala zake zimebaki duniani, ilhali gazeti la Kiswahili la miaka ya 1930 likiondolewa huenda ikawa ndiyo nakala ya mwisho.

Teknolojia ya dijitali imerahisisha upunguzaji na wakati huohuo imeongeza hatari zake. JSTOR, hazina ya majarida ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa juhudi za William Bowen wa taasisi ya Mellon, ilibuniwa kwa lengo la wazi la kuzipunguzia maktaba gharama ya kutunza karatasi, na programu ya HINARI, iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, imeziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba ambayo zisingeweza kuyalipia. Lakini usajili wa kielektroniki mara nyingi ni ukodishaji, si umiliki, na chuo kilichotupa karatasi zake hubaki mikono mitupu siku mkataba unapokoma. Mwandishi Nicholson Baker, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alizishutumu maktaba kubwa za Marekani kwa kuharibu magazeti halisi baada ya kuyapiga picha za filamu zilizokuwa na kasoro, na ingawa wakutubi wengi waliona amezidisha ukali, hoja yake kwamba nakala ya picha haitoshi peke yake haikuweza kupuuzwa. Jibu bora lilitolewa na mpango wa hifadhi ya pamoja ya majarida ulioanza Uingereza mwaka 2007, ambapo hakuna chuo mwanachama kilichoruhusiwa kutupa jarida kabla ya kuthibitishwa kwamba nakala tatu zimebaki nchini, moja katika Maktaba ya Uingereza na mbili katika vyuo vikuu vingine.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwezi Novemba mwaka 2018, ina nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na ukubwa huo ni neema ambayo vyuo vingi vya Afrika bado vinaitamani. Nafasi hiyo, hata hivyo, haiondoi wajibu wa kuchagua, kwa sababu rafu pana zilizojaa vitabu vya sheria zilizofutwa na programu za kompyuta zisizotumika tena humpotosha mwanafunzi, na hufanya vitabu vyema vionekane vichache kuliko vilivyo. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inaihusu maktaba inayotupa kiholela sawasawa na ile inayorundika bila kuhesabu.

Kwa hiyo upunguzaji unastahili kuheshimiwa kama sehemu ya uhifadhi, mradi tu ufanywe kwa sera iliyoandikwa, kwa vigezo vinavyotofautiana kulingana na taaluma, kwa kuwashirikisha wahadhiri wanaozijua fani zao, na kwa kuweka kumbukumbu ya kila kinachotoka na mahali kilikokwenda. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina deni la kuvuka hatua hiyo na kukubaliana kuhusu hifadhi ya pamoja ya machapisho ya nchi zao, ambamo hakuna kitabu, ripoti wala gazeti la eneo hili litakaloondolewa popote kabla ya kuthibitishwa kwamba nakala nyingine imetunzwa ndani ya Afrika Mashariki. Vitabu vya dunia vina walinzi wengi. Vya Afrika Mashariki vinawategemea Waafrika Mashariki wenyewe, na kazi ya kuvilinda ianze sasa, kabla ya nakala za mwisho kutoka.